Omri: Aya Sita na Mawe Mawili

Katika mafunzo ya Biblia hapa Kigoma, Mfalme Omri wa Israeli hupitwa haraka, na si ajabu, kwani Wafalme wa Kwanza sura ya 16 inamalizia habari za utawala wake kwa aya sita tu: alinunua kilima cha Samaria kwa talanta mbili za fedha, akajenga mji, akatenda maovu, akafa.

Waashuru walimwona kwa jicho jingine. Waliendelea kuiita Israeli nyumba ya Omri hata baada ya ukoo wake kupinduliwa, na jiwe la mfalme wao Shalmanesa wa Tatu linasema Ahabu, mwana wa Omri, alikuwa na magari ya vita 2,000 katika vita vya Karkari, huko Shamu, mwaka 853 KK, vita ambavyo Biblia haivitaji kabisa.

Hata hivyo, mawe nayo yana wenyewe. Mesha, mfalme wa Moabu, nchi jirani ya Israeli, ambaye jiwe lake liligunduliwa mwaka 1868, anakiri kwamba Omri aliitesa nchi yake, kisha anajigamba kwamba Israeli imeangamia milele, jambo ambalo halikutokea. Mwandishi wa Wafalme alipima uaminifu kwa Mungu, wala hakuhesabu magari, nami naona ni haki kumsoma kwa kipimo hicho.