Krapi wa Februari walivyonishusha cheo

Mimi ni wa Mwanza. Nimekulia juu ya mawe ya ziwani nikiwa na ndoano na kopo la minyoo, kwa hiyo nilipohamia Bowling Green, Kentucky, huku Marekani, nilijihesabu mvuvi tayari. Krapi ndiye aliyenishusha cheo.

Kwa asiyemjua, ni samaki wa maji baridi (na Februari baridi yenyewe si ya mchezo), bapa kama sato ila mwembamba, ana madoa meusi na macho makubwa. Huku wengi humvua kwa jigi: kindoano kilichoyeyushiwa madini ya risasi shingoni, kikavishwa mkia wa plastiki laini au manyoya. Zangu zina gramu moja au mbili hivi. Vidole vikishakufa ganzi, hujui kama umeishika au imeshaanguka.

Ninavua Barren River Lake. Ni bwawa la kuzuia mafuriko, hivyo kila mwaka kabla ya baridi hulishusha zaidi ya futi 20 ili mvua zipate pa kuingia. Mwanzoni mwa Februari unatembea juu ya udongo ambao Julai ulikuwa chini ya maji, visiki vyote viko nje. Nilivipiga picha kwa simu, kimoja kimoja. Katika mwezi ule wote, hilo ndilo jambo la akili nililofanya bila kufundishwa.

Jumamosi ya kwanza maji yalikuwa maangavu. Kipimajoto cha jikoni nilichokifunga uzi, bila mama watoto kujua, kilisoma 44 za Farenhaiti, kama nyuzi 7 za Selsiasi. Penye jabali linaloshuka wima nilipata saba, futi 15 chini, kwa jigi ya rangi ya moshi. Nikasema hawa nimeshawaweza.

Ikanyesha siku tatu, mvua ya uvuguvugu. Ziwa likapanda, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Nikarudi palepale jabalini. Saa nne nzima sikuguswa. Nikajaribu nyeupe, waridi, kijani, mpaka kisanduku kikaisha. Wiki iliyofuata nikarudia upuuzi uleule, safari hii nikiwa na mzee mmoja wa Uvira, Kongo, tunayefanya naye zamu ya usiku kiwandani. Kisanduku changu hakukitazama kabisa. Aliyatazama maji.

"Ndugu yangu, unamungojea ku nyumba yenye alishahama."

Akanipeleka mwisho wa ghuba, kijito kinapoingilia, upande wa kaskazini unaopigwa na jua mchana kutwa. Kipimajoto: 52. Maji ya mvua yalikuwa na joto kuliko ziwa, na samaki walikuwa wameyafuata hadi kwenye kina cha futi nne, katikati ya visiki vyangu vya kwenye simu. Kwenye tope krapi hafukuzi chambo. Anakumbatia kisiki, na wewe umshushie jigi karibu na pua, juu yake kidogo, maana hutazama juu akitafuta chakula. Tukafunga kiboya futi mbili juu ya jigi nyeusi yenye mkia wa kijani-manjano unaong'aa, kubwa kidogo ili aione.

Kisha usifanye kitu. Hapo ndipo palinitesa. Nilingoja kiboya kizame kama nilivyozoea, kumbe krapi humeza akipanda, akauinua uzito wa jigi, na kiboya kikalala ubavu kama kimechoka. Watatu walikula wakaenda zao. Wa nne nikamvuta kwa nguvu za sangara, nikabaki na ndoano tupu.

"Pole pole, Mwanza! Mudomo yake ni karatasi!"

Kuanzia hapo nikawa nainua fimbo tu, taratibu, kama anayemwondoa mtoto aliyelala.

Kesho yake upepo wa kaskazini ukavuma, mbingu nyeupe pee, kipimajoto kikashuka hadi 47. Nilitaka kurudi jabalini. Mzee akakataa; akasogea nje kidogo tu, ghuba inapoanza kuinama, futi nane. Tukaviondoa viboya, tukaachia jigi ishuke kwa kuhesabu. Ya gramu mbili huenda kama futi moja kwa sekunde. Ukifika sita mshipi ukalegea, chini bado hujafika, kuna mdomo. Siku ile sikuhisi mguso hata mmoja mkononi, yote niliyaona kwenye mshipi.

Tuliondoka na kumi na mmoja. Kentucky inaruhusu ishirini kwa mtu kwa siku, kwa hiyo hatukumtisha yeyote. Mzee huchuna minofu kama Wamarekani. Mimi naparua magamba, nakata mikato ubavuni, chumvi na ndimu, mafuta ya moto, ugali. Nilipokuwa nageuza wa pili, mama watoto akachungulia kwenye ndoo na kukikuta kipimajoto chake, kimezungukwa uzi na magamba.

Sasa ninacho changu.