Mgeni rasmi, maputo na intaneti iliyokatika

Mwaka 2024 klabu yetu ya kompyuta hapa Mtwara tuliamua kuandaa shindano la kuandika programu kwa vyuo vya Mtwara na Lindi, sheria tukachukua za ICPC, lile shindano la dunia la programu la vyuo vikuu: timu watu 3, kompyuta 1, masaa 5, ukituma jibu bovu kwenye swali ambalo baadae unalipata unaongezewa dakika 20, na kila swali mkilipata mnafungiwa puto la rangi yake.

Sa kikao cha maandalizi, yani watu wamejadili mgeni rasmi tu. Nani atamwalika, akae wapi, meza iwe na kitambaa gani, huku ekstensheni za umeme hamna aliyeziuliza. Baadhi walitaka mheshimiwa. Mi nikasema jamani tuiteni mtu anayeandika programu kweli, mheshimiwa akichelewa masaa mawili shindano la masaa 5 litaisha saa ngapi? Mwalimu mlezi akaniangalia akasema, "Haya, mlete huyo wako."

Wangu alikuwa dada mmoja injinia wa programu Dar. Akakubali, afu Mei ikaja na kimbunga Hidaya, mvua, barabara ya Lindi ikakatika kule Somanga. Dada akawa ananipigia kila jioni, "Mdogo wangu, njia inapitika?" Namjibu inapitika dada, wakati na mimi nasikia redioni tu kama yeye. Haijapoa hiyo, tarehe 12 nyaya za baharini zikapata hitilafu, intaneti nchi nzima ikawa ya kuomba Mungu, na maswali yetu tulipanga yafanyikie kwenye tovuti.

Fundi wetu wa maabara wala hakushtuka. Akasema kwani intaneti ya nini, akaweka DOMjudge, programu ya kupokea na kusahihisha majibu ya shindano, kwenye laptopu yake, swichi moja ya mtandao, waya zikatambaa chini ya meza, kila timu ikawa inatuma majibu humo humo ndani. Ikaenda vizuri kuliko tulivyopanga mwanzo, mi mpaka leo naona ndo njia sahihi.

Maputo ndo yalitutesa. Maduka ya sokoni yana ya harusi tu, rangi nne, maswali manane, ikabidi mengine tuyaandike herufi kwa maka peni, na joto lile mengine yanapasuka watu wanaruka kwenye viti.

Tulianza saa tatu kamili. Saa saba ubao wa matokeo ukagandishwa, hauonyeshi tena matokeo mapya, kama sheria inavyosema, saa nane kalamu chini, na hotuba tuliiweka hapo makusudi, matokeo yakiwa bado siri, nani ataondoka? Ila dada hakufungua hata slaidi. Akauliza swali gani limewashinda wote, wakasema F, akachukua chaki akaanza kulitatua ubaoni. Katikati kijana mmoja wa Lindi akanyoosha mkono, "Samahani dada, hapo int itajaa, jumla inapita bilioni 2." Dada akaganda, akahesabu pembeni, akafuta int, ile aina ya namba inayoishia bilioni 2 na kidogo, akaandika long long inayobeba kubwa zaidi, ukumbi ukalipuka, watu wanagonga meza.

Mwalimu akaninong'oneza, "Hotuba inaanza saa ngapi?" Nikamwambia ndo hii, mwalimu. Akatazama pilau inavyopoa, akavuta kiti mbele.