Kaa kwenye shimo la nane

Ndugu zangu mlioko Uingereza huniuliza kila Julai kama inafaa kulipa tiketi ya The Open, mashindano makubwa ya gofu ya huko, wakati gofu inaonekana vizuri zaidi kwenye runinga. Inafaa sana, mradi ujue pa kusimama.

Hilo nilijifunza kwa makosa. Mwaka 2022, kwenye uwanja wa St Andrews, Scotland, nilimfuata Tiger Woods kutoka shimo hadi shimo pamoja na maelfu ya watu wengine. Nilirudi Glasgow miguu ikiniuma, na nilichokiona ni visogo vya watu. Mchezaji maarufu anafuatwa na umati, na umati unafika kabla yako.

Mwaka 2024, mashindano yalipokuwa uwanja wa Royal Troon, Scotland pia, nilifanya kinyume. Nilipanda treni ya alfajiri kutoka Glasgow Central, nikateremka Troon, nikaenda moja kwa moja hadi shimo la nane. Wanaliita Postage Stamp, yaani stempu, kwa udogo wa grini yake, yaani uwanda wa nyasi fupi wenye kitundu cha mpira. Kutoka pa kuanzia hadi grini ni yadi 123 tu, kama mita 112, fupi kuliko shimo lingine lolote katika viwanja vya The Open. Grini ni nyembamba na imezungukwa na mashimo matano ya mchanga. Gene Sarazen, bingwa wa zamani, alitumbukiza mpira kwa mkwaju mmoja hapo mwaka 1973, akiwa na miaka 71.

Sasa piga hesabu. Alhamisi na Ijumaa wanacheza watu 156, watatu watatu, na wote wanaanzia shimo la kwanza. Ukikaa hapo kutwa, makundi 52 yatapita mbele yako. Utamwona bingwa, utamwona kijana asiyejulikana, kila mmoja akipewa mtihani uleule na upepo tofauti. Unaona mpira tangu unapoacha fimbo hadi unapotua, jambo ambalo kwenye mashimo marefu huwezi kulipata. Wikendi wengi wameshaondolewa na waliobaki hucheza wawili wawili, kwa hiyo kama unapata siku moja tu, chukua Alhamisi.

Siku hiyo niliwaangalia zaidi makedi, wale wanaowabebea wachezaji fimbo na kuwashauri, kuliko wachezaji wenyewe. Baba yangu alikuwa kedi kwenye klabu ya gofu ya Muthaiga, Nairobi, miaka mingi, na ndugu zangu nami tulikua tukiangalia gofu kupitia ua. Kedi mmoja alichuma majani, akayaachia usawa wa bega, akayatazama yakienda, kisha akachuma mengine na kurudia. Walisemezana kwa sauti ya chini, fimbo ikarudishwa begani, ikatolewa nyingine. Rory McIlroy aliingia mchangani, mkwaju wake wa kwanza wa kujinasua ukashindwa kutoka, akamaliza shimo kwa mikwaju mitano badala ya mitatu inayotarajiwa. Watu walinyamaza kama msibani. Kwenye runinga huo ukimya hausikiki.

Kuhusu tiketi: za The Open huuzwa kwa kura, na unaomba miezi mingi kabla. Ukikosa, omba siku za mazoezi. Bei ni nafuu, wachezaji wametulia, wanapiga mipira miwili mitatu kutoka sehemu moja na kusaini kofia za watoto. Watoto wa chini ya miaka 16 huingia bure wakiwa na mtu mzima, ila nao waombee tiketi mapema. Nenda na koti la mvua hata kama jua linawaka. Simu izime sauti.

Alasiri, umati ukiwa umemfuata fulani, chagua kundi lisilo na mashabiki na utembee nalo mashimo manne au matano. Utasimama kwenye kamba, hatua chache tu kutoka kwa mchezaji, ukisikia anavyovuta pumzi kabla ya kupiga.

Jioni nilimpigia baba simu. Hakuniuliza nani anaongoza. Aliuliza upepo ulikuwa unatoka wapi pale shimo la nane, na McIlroy alipewa fimbo gani. La upepo nilimjibu. La fimbo sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimekaa nyuma ya grini, mbali na wanapoanzia. Ijumaa nikarudi, nikakaa upande wa kuanzia, nikiwa na darubini na daftari.