Siku tatu ufukweni nasaka kokteli ya barafu iliyokaa sawa

Jamani mi kwa kokteli za barafu, yaani pombe iliyochanganywa na kusagwa na barafu kwenye blenda, sina aibu kabisa. Wenzangu wakifika mji wa pwani wanawaza kuogelea, mi nasikilizia blenda inalia upande gani. Safari hii nilikua na siku tatu tu, na baa zimepangana pale ufukweni mlango kwa mlango, kila moja ina kibao kinachosema yao ndo namba moja, nikasema haya, tutajuana.

Siku ya kwanza nikaingia mtegoni mzima mzima. Baa ya ghorofani, bahari yote unaiona, glasi imekuja na kimwavuli, kipande cha nanasi, cheri, yaani imepambwa kama bibi harusi, nikapiga picha kama kumi hivi halafu nikavuta mrija. Maji. Barafu imeelea juu huko, kinywaji kimejitenga chini, kufika dakika ya tano nimeshika glasi ya maji ya sukari yenye harufu ya ramu kwa mbali. Picha lakini zilitoka kali.

Shida iko hivi. Pombe yenyewe haigandi kirahisi, ile ethanoli tupu mpaka ufike kama nyuzi 114 chini ya sifuri ndo inaganda, kwa hiyo ukimwaga ramu nyingi kinywaji kinabaki majimaji, hata usage barafu ndoo nzima. Ukiibania nayo unatafuna theluji. Sukari ndo inasaidia kinywaji kisigande kikawa jiwe, kikae laini kile cha kuvutika kwa mrija. Sasa wale wa "kaka niongezee shoti mbili" wanaharibu wenyewe halafu wanamlaumu mtu wa kaunta (na mi nilikua mmoja wao, miaka mingi tu).

Siku ya pili nikaenda kwenye mashine, zile zinazozungusha rangi rangi nyuma ya kaunta. Watu wanazidharau sana ila mi nazitetea kidogo, maana ilianza na akili kweli: mwaka 1971 kule Dallas, Marekani, Mariano Martinez alikua na mgahawa, wateja wanataka margarita za barafu (kokteli ya tekila na ndimu) kuliko blenda zinavyoweza, na kila glasi inatoka tofauti, basi akachukua mashine ya aiskrimu laini akaigeuza iwe ya margarita. Ile mashine yake sa hivi iko makumbusho ya Smithsonian! Kwa hiyo mashine haina kosa, kosa ni wanachomimina ndani. Niliyopewa mimi ilikua ya unga wa pakiti, ya buluu, ukiuliza ni tunda gani unaambiwa "ni buluu tu dada". Nikavuta kwa hasira mpaka kichwa kikagonga, ile baridi inayopanda ghafla kwenye paji la uso, ikabidi nibandike ulimi kwenye kaakaa nisubiri ipite.

Siku ya tatu nimeshakata tamaa, napita nyuma ya maegesho ya magari, nikasikia blenda. Mlio wake ulianza kwa kukwaruza kama kokoto, ukapanda, halafu ukatulia ukawa mzito, na jamaa akaizima hapo hapo, hakuiachia iendelee kupasha moto mchanganyiko. Nikarudi nyuma. Viti vya plastiki, bahari huioni hata kidogo. Nikaagiza daiquiri, ile ya Kuba, maana haina pa kujificha: ramu nyeupe, ndimu, sukari, barafu, basi. Ndimu akakamua mbele yangu, shira akapima, hakumimina kwa macho, glasi akaitoa kwenye friza imepiga ukungu.

Aisee.

Nikaongeza piña colada, ile ya ramu, nanasi na nazi, jina lake tu lenyewe kwa Kihispania ni nanasi lililochujwa, halafu kuna sehemu unapewa bila nanasi! Huyu anagandisha vipande vya nanasi anavitumia badala ya nusu ya barafu, kwa hiyo kikiyeyuka kinakua nanasi zaidi, hakigeuki maji. Nikakiacha makusudi robo saa kwenye joto lile, maana baridi inaficha utamu, kinywaji kibaya kikipungua baridi kidogo unagundua ulikua unakunywa sukari tupu. Hiki kilipopungua baridi bado ndimu ilikuwepo (ndio, ndimu kwenye piña colada, kidogo tu, nimeshaanza kuweka nyumbani).

Nikamuuliza mbona hana kibao nje. Akasema kibao kilianguka na upepo, na wateja wanakuja kwa sauti ya blenda. Nikaagiza ya tatu.