Mkopo wa Ada na Mzee wa FoxPro

Nilipoajiriwa katika kampuni ndogo ya programu za SACCOS jijini Dar es Salaam, lugha ya programu ya Java ndiyo iliyokuwa habari ya mjini, nami nilikuwa nimetoka chuoni nikiamini kila kitu ni objekti, yaani kipande cha programu kinachobeba data zake pamoja na kanuni za kuzitumia. Programu tuliyoihudumia ilikuwa ya FoxPro, lugha ya zamani ya hifadhidata. Aliiandika mzee mmoja kwa prosija tupu, yaani orodha za amri zinazotekelezwa hatua baada ya hatua, mpaka mwezi umefungwa.

Kisa kilianza pale chama kimoja kilipopitisha mkopo wa ada ya shule. Mikopo yao yote ya awali ilikuwa na riba isiyobadilika: ukikopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, kwa asilimia 1.5 kwa mwezi, unalipa riba ya 18,000 kila mwezi, jumla 216,000. Mkopo mpya ungetozwa kwa salio linalopungua: mwezi wa kwanza 18,000, wa pili 16,500, wa mwisho 1,500, jumla 117,000. Kwa mzazi, hiyo 99,000 inayobaki ni sare na madaftari.

Sasa, ndani ya programu, swali la "mkopo huu ni wa aina gani?" liliulizwa kila kona: kwenye ratiba ya marejesho, adhabu ya kuchelewa, taarifa ya mwanachama, kufunga mwezi. Ukisahau kona moja, mwanachama anapewa karatasi yenye deni hili na leja ina deni lile.

"Mzee, tuandike upya kwa Java," nilimwambia. "Mkopo uwe klasi, kiolezo cha kuundia objekti, na kila aina ijue kupiga riba yake."

Nikamsimulia hadi asili ya wazo lenyewe, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norway waliounda Simula, lugha ya kuiga mifumo kwa kompyuta, miaka ya 1960. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hao walikuwa wanaiga foleni, mwanangu. Sisi tunafunga vitabu, na vitabu vina mpangilio."

Jibu lile lilinikera. Lakini aliniomba nitengeneze mfano, na ulipokuwa tayari akamwita mhasibu wetu aketi kati yetu, asome programu zote mbili, ya mzee na mfano wangu. Prosija ya kufunga mwezi mhasibu aliifuata kwa kidole: soma salio, piga riba, toza adhabu, ingiza malipo, andika kwenye leja. Hapo hapo akanasa kosa la siku nyingi: adhabu ilitozwa kabla malipo ya siku ya mwisho hayajaingizwa. Halafu akasoma klasi yangu ya mkopo wa ada. Kanuni moja, mahali pamoja. Akaipigia hesabu kwa kikokotoo, akatikisa kichwa kukubali.

Kufunga mwezi kukabaki prosija ndefu, kutoka juu hadi chini, na mpangilio wake ukasahihishwa. Kilichobadilika ni mstari wa riba tu: programu inauuliza mkopo riba yake ya mwezi, basi, haijali ni wa aina gani. Mzee akaweka sharti kwamba klasi zisirithiane, yaani moja kuchukua kanuni za nyingine, zaidi ya ngazi moja, ili mkaguzi asipotee njiani. Sharti hilo nalishikilia mpaka leo, na nimelitetea mbele ya mabosi waliotaka kila hatua ya uhasibu igeuzwe objekti.

Mkopo wa pembejeo ulipokuja baadaye, mzee ndiye aliyeandika klasi yake.