Chuma 112 kwenye oili, na injini haikushushwa

Nilipeleka oili ya injini ikapimwe maabara, majibu yakaja: chuma ppm 112, yaani sehemu 112 kwa kila milioni. Fundi aliposikia namba hiyo aliniambia, "Bosi, hii injini imekwisha, tuishushe." Mwingine akakazia kwamba chuma kikivuka 100 ni ovahoo, yaani kufumua injini nzima, hakuna mjadala. Injini yenyewe ni 1HZ ya Land Cruiser, dizeli ya silinda sita, mzee lakini asubuhi inawaka bila kusumbua. Ushauri ule uliniudhi kwa sababu hakuna aliyeuliza oili ilikuwa imetembea kilomita ngapi.

Ilikuwa imetembea 9,000. Gawanya, unapata chuma 12 na kitu kwa kila kilomita 1,000. Hesabu pia oili uliyoongezea njiani, maana inazimua kila kitu. Mimi niliongezea kama lita mbili, hivyo uchakavu wenyewe ulikuwa juu kidogo ya ulivyoandikwa.

Halafu metali zisomwe kwa makundi. Yangu yalikuwa hivi: chuma 112, kromu 8, alumini 18, silikoni 54, risasi 4, shaba 6, bati 1, sodiamu 5, potasiamu 2. Risasi, shaba na bati ni za beringi, na zilikuwa chini. Sodiamu na potasiamu zikipanda pamoja, shuku kulanti (maji ya kupoza injini) inapenya kwenye oili. Hapa hapakuwa na kitu. Chuma na kromu zikienda pamoja ni slivu (kuta za silinda) na ringi za pistoni. Lakini ukweli wote ulikuwa kwenye silikoni na alumini. Vumbi la udongo hubeba zote mbili, silikoni ikiizidi alumini kama mara tatu, na 54 kwa 18 ni mara tatu kamili. Silikoni ingepanda peke yake, ningefikiria gundi ya gasketi iliyopakwa karibuni, ambayo huachia silikoni kwenye oili bila kusaga chochote. Hii yangu ilikuwa inavuta vumbi, na vumbi ndani ya silinda ni msasa.

Hiyo ni ripoti ya pili. Ya kwanza iliharibiwa na chupa. Niliisuuza kwa petroli, nikaikung'uta, nikakinga oili. Majibu yakarudi kwamba joto la kuwaka (joto ambalo mvuke wa oili hushika moto) limeshuka vibaya, dizeli imeingia kwenye oili, kagua nozeli zinazonyunyizia dizeli. Nozeli na pampu zilikuwa karibu kung'olewa. Kilichotuzuia ni mnato. Kwa nyuzi 100 ulisomeka 13.9, na oili ya 15W-40 hutakiwa iwe kati ya 12.5 na 16.3. Dizeli ya kushusha joto la kuwaka namna ile ingeuporomosha na mnato. Petroli inafanya hivyo kwa matone machache tu, na kwenye gari la dizeli petroli ingetoka wapi kama si kwenye chupa?

Kwa hiyo chupa iwe mpya na kavu. Injini iwe ya moto, imetoka safarini. Fungua nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), acha oili itiririke hadi karibu nusu, ndipo ukinge. Ya mwanzo inakuja na tope la chini. Kipimo, kwenye maabara inayopimia mitambo ya migodini, kilikula elfu themanini hivi pamoja na kutuma.

Vumbi lilipitia wapi? Chujio la hewa lilikuwa jipya. (Chujio usilipulize kwa kompresa ya nguvu, karatasi inapasuka matundu usiyoyaona kwa macho.) Nilifungua mpira unaotoka kwenye boksi la chujio kwenda kwenye injini, nikaufuta ndani kwa kitambaa cheupe, kisha nikapaka grisi kwa kidole, utando mwembamba sana, sehemu tatu: mara baada ya boksi, katikati, na karibu na injini. Ukizidisha, injini itaivuta. Tukaenda kilomita 200 za vumbi la Kiteto. Grisi ya kwanza ikishika vumbi, kosa ni chujio au kikalio chake. Ya kwangu ya kwanza ilitoka safi, ya katikati safi, ya tatu ilikuwa nyekundu kama matofali. Ufa ulikuwa upande wa chini, ndani ya mkunjo wa mpira. Injini ikiwa imezimwa ulijifumba, ikitikisika kwenye gia unafunguka. Kwa macho usingeuona kamwe.

Mpira mpya, oili mpya, chujio la oili jipya. Hiyo oili niliimwaga kwa kilomita 2,000 bila kuipima, kwa sababu oili chafu inayobaki kwenye mifereji hubeba metali za zamani. Iliyofuata ilitembea 5,000: chuma 31, kromu 2, alumini 4, silikoni 12. Chuma kimeshuka hadi 6 kwa kila 1,000, nusu ya awali.

Chujio la oili nalo nililikata, kwa sababu mashine ya maabara inaona chembe ndogo sana tu. Kipande cha beringi kinaweza kupita na ripoti ikatoka safi. Likate kwa kikatio cha bomba, maana msumeno unamwaga chuma chake humo humo. Kunjua karatasi, ikamue kwenye jiriwa, pitisha sumaku. Masizi tu.

Ninachofuatilia sasa ni risasi, imetoka 4 hadi 7. Shaba na bati hazikusogea, na risasi ikipanda peke yake mara nyingi ni oili iliyochoka na kuwa na asidi, kwa hiyo safari ijayo nitaagiza na TBN, kipimo cha uwezo wa oili kuzima asidi. Shaba ikipanda nayo, nitafungua sampu nikague beringi kwa chini.