Wiki ya 15, na Kizazi Kilichonasa Nyongani

Nilipokuwa na ujauzito wa wiki 15, shangazi yangu alikuja kunijulia hali nyumbani kwangu Mbagala, akanitazama tumbo na kusema, "Mwanangu, tumbo limechomoza mapema hili, huyo ni dume." Sote tulifurahi. Siku nne baadaye nilikuja kujua kwamba sehemu kubwa ya tumbo lile haikuwa mtoto, bali mkojo.

Kwa takriban wiki moja nilikuwa nikikaa chooni muda mrefu na kutoa mkojo kidogo, kisha nikiinuka nahisi bado ninao. Usiku niliamka mara sita au saba. Kiuno kiliniuma, choo kikawa kigumu, na nilihisi kama kuna kitu kinaikandamiza njia ya haja kubwa kutoka ndani. Katika zahanati ya jirani nilipimwa mkojo, nikaambiwa ni UTI na kupewa dawa za siku saba. Sina kinyongo nao, kwa kuwa wajawazito wengi hupata UTI kweli. Ila hakuna aliyeniuliza iwapo mkojo unatoka wote, nami sikueleza, kwa sababu niliuona unatoka, tena ulikuwa ukinivuja hata nikikohoa. Hapo ndipo tulipodanganyika. Kibofu kikijaa kupita kiasi, ziada hujivujia yenyewe, na mtu hudhani njia iko wazi ilhali imebanwa.

Shangazi alipendekeza twende kwa mama mmoja anayekanda matumbo ya wajawazito. Nilikataa kwa sababu ya maumivu tu, si kwa ujuzi wowote. Baadaye daktari alipolisikia jambo hilo alitikisa kichwa, akasema kibofu kilichojaa vile kinaweza kupasuka.

Alfajiri ya siku ya nne sikupata hata tone. Mume wangu aliita bajaji, na kila shimo la barabarani nililisikia kinenani. Hospitalini nesi aliniwekea mpira wa mkojo, na mfuko ulipopimwa ulikuwa na mililita 1,300, ilhali kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hubeba 400 hadi 500. Tumbo langu lilishuka nikiliangalia. Nilianza kulia nikidhani mimba imetoka, hadi nesi aliponishika mkono akasema, "Tulia mama, mtoto yupo, ni mkojo huu."

Daktari alipopapasa juu ya mfupa wa kinena hakukiona kizazi, wakati katika wiki hizo kilipaswa kuwa kimekwisha kupanda hapo. Alipopima kwa ndani alikuta mlango wa kizazi umesukumwa mbele na juu, nyuma ya mfupa huo, na kizazi chenyewe kimejaa upande wa nyuma wa nyonga, ultrasaundi ikathibitisha. Alinieleza kwamba kizazi kulalia nyuma si ugonjwa, kwani wanawake 15 hadi 20 kati ya 100 wako hivyo, na mimba ikikua kizazi hujiinua chenyewe kati ya wiki ya 12 na ya 14. Changu kilikwama chini ya mfupa unaochomoza mwanzoni mwa nyonga, jambo linalotokea katika takriban mimba 1 kati ya 3,000. Aliniuliza kuhusu uvimbe kwenye kizazi, upasuaji na maambukizi ya zamani, ambayo yanaweza kukifunga kizazi mahali pake. Sikuwa na lolote.

Kwanza mpira ulibaki, na nikaelekezwa kukaa mara kadhaa kwa siku katika mkao unaofanana na sujudu, isipokuwa mapaja husimama wima, kifua hulala godoroni na makalio hubaki juu. Dakika kumi za mkao huo, wodi nzima ikikutazama, ni ndefu. Kizazi hakikutoka. Kesho yake daktari alinipa dawa ya maumivu, akaingiza vidole ukeni na kukisukuma kizazi taratibu kuelekea juu, akikipeleka kwanza pembeni ili kiukwepe ule mfupa. Alikuwa amenionya kwamba kikikataa tungerudia kwa ganzi au usingizi, na upasuaji ungekuwa wa mwisho kabisa. Jaribio la pili nilihisi kitu kikiteleza, na ule mgandamizo wa nyuma ukaisha papo hapo. Ultrasaundi ilionyesha moyo wa mtoto ukidunda.

Mpira ulipotolewa nilikojoa, kisha wakapima tena kuhakikisha kibofu kimebaki kitupu. Niliambiwa nisibane mkojo na nirudi haraka ukianza kutoka kwa matone.

Katika wiki ya 18 shangazi alikuja tena, akaliangalia tumbo ambalo sasa lilikuwa dogo kuliko alivyoliacha, na akamuuliza mume wangu kama kweli ninapewa chakula.